Nondo wa nguo hawamaliziki, na naftalini nimeweka kila droo, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha hapa: "Mtaalamu, nimefungua kabati nimekuta sweta mbili za sufu zimetobolewa vitundu, na koti la marehemu baba limeliwa kwenye kola. Jioni naona vinondo vidogo vya rangi ya dhahabu iliyofifia. Nimeweka naftalini kila droo, nimepuliza dawa ya wadudu chumba kizima mara mbili, bado wapo. Halafu ukutani kuna vitu bapa kama mbegu vinatembea. Nina mtoto mchanga humu ndani. Hawa wadudu wanatokea wapi, nifanyeje waishe, na hilo koti nilitupe?"

Dada pole sana, najua nguo ya mzee ikiliwa inauma, na koti usilitupe, nitafika huko. Ila kabla ya yote kuna kitu cha kufanya leo hii, sio kesho: hizo naftalini zitoe. Zikusanye zote, zifunge kwenye mfuko, zitoke nje ya nyumba, fungua madirisha, na nguo za mtoto, blanketi, mashuka yake, chochote kilichokaa droo moja nazo kifue na ukianike mpaka harufu iishe kabisa ndo akitumie. Naftalini inageuka mvuke yenyewe taratibu, mvuke unakaa kwenye kitambaa, mtoto anauvuta na unapita mpaka kwenye ngozi yake. Kuna watu wengi tu wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, wengi hawajui kama wanao, na mtu wa hivyo akikutana na naftalini chembe zake nyekundu za damu zinapasuka, anapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, anapata manjano, na kwa mtoto mchanga manjano ikizidi inaharibu ubongo. Imeshatokea kwa watoto waliovikwa nguo na kufunikwa blanketi zilizohifadhiwa na naftalini. Ukiona macho au ngozi yake ina umanjano, au amelegea na hanyonyi vizuri, nenda hospitali moja kwa moja na waambie kabisa nyumbani palikuwa na naftalini, wasije wakahangaika kutafuta chanzo. Akianza kutambaa ndo kabisa usiwe nazo, vile vidonge vyeupe kwa mtoto ni pipi.

Haya, sasa nondo.

Yule unayemwona anaruka hajala nguo yako hata uzi mmoja. Nondo wa nguo aliyekwisha komaa hana mdomo wa kulia, anaishi wiki mbili tatu hivi mpaka mwezi, shughuli yake ni kutafuta mwenza na kutaga. Anayekula ni buu, yule kiwavi mweupe mwembamba mwenye kichwa cha kahawia, na huyo hutamwona akiruka wala hatakuja kwenye taa, yuko gizani ndani ya mkunjo wa nguo, chini ya kola, kwenye kwapa, ndani ya pindo. Tena wale unaowaona hewani wengi ni madume. Jike hapendi kuruka, mayai yanamlemea, anakimbia tu kwenye nguo na kujificha ukifungua kabati. Kwa hiyo unaweza ukaua kila kinachoruka chumbani na jike bado yuko kwenye mfuko wa koti anataga.

Jike mmoja anataga mayai kama 40 mpaka 50, madogo mno, nusu milimita, amebandika kwenye nyuzi kwa hiyo hata ukikung'uta nguo hayadondoki yote. Kwenye joto yanaanguliwa ndani ya siku 4 mpaka 10, kukiwa na baridi yanafika wiki tatu. Halafu buu ndo anaanza kula, na hapa ndo watu wengi wanakwama: akiwa na chakula kizuri na joto anamaliza kukua kwa mwezi na kitu, lakini mambo yakiwa magumu kwake anaweza kukaa buu kwa zaidi ya miaka miwili. Miaka miwili! Ndo maana mtu anapuliza dawa, miezi mitatu kimya, anasema wameisha, halafu wanaibuka tena anafikiri wametoka kwa jirani, kumbe ni walewale, hawakuwahi kuondoka.

Na dawa yako ya kupuliza ilikuwa inaua wapi? Hewani na kwenye ukuta. Buu aliyeko ndani ya sweta lililokunjwa ndani ya droo iliyofungwa haijamfikia. Naftalini nayo ina kanuni yake, inaua pale tu mvuke wake unapojazana kwenye kitu kilichozibwa kabisa, sanduku lisilopitisha hewa, kwa wiki kadhaa. Kwenye droo ya kawaida au kabati ambalo mlango unafunguliwa kila asubuhi mvuke unatoka unaenda kwenye mapafu yenu, kwa nondo inabaki harufu tu. Yaani unapata madhara yote bila faida. IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2002 waliiweka naftalini kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo hata kama usingekuwa na mtoto mimi nisingekushauri uendelee nayo. Vile vidonge vingine vinavyofanana navyo, vya paradiklorobenzini, usivichukue kama mbadala, navyo ni sumu na vinalainisha baadhi ya plastiki, utakuta vifungo na vitu vya mapambo vimeharibika.

Sasa wanakula nini hasa, manake ukijua hili unajua wapi pa kutafuta. Wanakula keratini, ile protini iliyoko kwenye sufu, nywele, manyoya, ngozi yenye manyoya, kofia za felti. Wadudu wengi hawawezi kabisa kuimeng'enya, ni ngumu, lakini tumbo la buu wa nondo lina mazingira ya kuivunja. Hariri pia wanaitoboa. Pamba na polyesta haviwalishi, ila kitambaa kilichochanganywa na sufu wanakitafuna chote, na nguo ya pamba yenye jasho, mafuta ya mwili au doa la chakula wanaweza kuitoboa pale penye doa. Hii ya jasho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Angalia hilo koti, limeliwa kwenye kola, sio mgongoni, kwa sababu kola ndo inagusa shingo, ina jasho na mafuta ya nywele, na buu anahitaji chumvi na vitamini ambavyo sufu safi tupu haina vya kutosha. Nguo ya sufu iliyovaliwa mara moja tu ikarudishwa kabatini bila kusafishwa ni mwaliko.

Hakikisha kwanza kama kweli ni nondo wa nguo. Wa nguo ni mdogo, milimita 6 mpaka 8 tu, anang'aa kidogo, ana kishungi cha rangi nyekundunyekundu kichwani, na anakimbia mwanga. Kama anakuja kwenye taa ni nondo mwingine wa kutoka nje, mwache. Kama wako jikoni na mabawa yana rangi mbili, nusu ya mbele imepauka nusu ya nyuma ni ya shaba, huyo ni wa unga na nafaka, hagusi nguo, huko shida iko kwenye makopo ya chakula. Halafu kuna mbawakawa wa zulia, mabuu yake ni mafupi, ya kahawia, yana nywelenywele, na yanaacha magamba yake makavu pale yalipokula. Nondo yeye anaacha utando kama wa hariri na chembechembe ndogo kama mchanga, zile chembe ni kinyesi, na kina rangi ya nguo aliyokula, ukikuta punje nyekundu kwenye sweta nyeusi jua kaja na safari kutoka nguo nyingine, itafute hiyo nyekundu. Uzuri ni kwamba mbawakawa na nondo dawa yao karibu ni moja kwa hiyo hata ukichanganya hujapotea.

Kazi yenyewe. Chagua siku ambayo una muda, usifanye nusu leo nusu wiki ijayo, kwa sababu nguo safi ukiirudisha kwenye kabati lenye mayai umefanya kazi bure. Toa kila kitu kabatini, kila kitu, mpaka vile vilivyosahaulika juu na chini, begi la safari, mto wa manyoya, kofia, mpira wa nyuzi za kufumia, midoli ya manyoya kama ni ya sufu au manyoya ya kweli. Gawa mafungu kwa aina ya kitambaa, sio kwa nani anavaa. Nguo ukiitoa iweke kwenye mfuko ufunge hapohapo, usiiburuze nyumba nzima.

Za pamba, polyesta na kitu chochote kinachovumilia maji ya moto: fua kwa nyuzi 60, nusu saa inatosha kuua mayai na mabuu. Kama una mashine ya kukaushia kwa joto, dakika 30 za joto kali baada ya nguo kukauka zinamaliza kazi.

Za sufu, hariri na manyoya huwezi kuzichemsha, zitasinyaa. Hapa njia ninayoiamini kuliko zote ni friza. Makumbusho yanayotunza mavazi ya zamani yanatumia baridi hivihivi, wenye friza za nyuzi 30 chini ya sifuri wanaweka siku tatu, sisi wa nyumbani friza zetu kwa kawaida ni 18 chini ya sifuri kwa hiyo weka wiki mbili kamili. Sio siku mbili. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ndogo mara nyingi hakifiki 18, weka kipimajoto uone mwenyewe usikisie. Na namna ya kuweka ina maana: nguo iwe kavu, iingie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa yote unayoweza, funga kabisa, halafu usijaze friza mpaka mlango unagoma. Sufu inazuia baridi kama inavyozuia joto, bunda kubwa la sweta kumi katikati yake linachukua muda mrefu sana kupoa, na mdudu akipoa polepole anapata nafasi ya kuzoea. Vifurushi vidogo vidogo, vimeachana. Ukitoa usifungue mfuko, acha mpaka urudi joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unaganda kwenye nguo inalowa. Ndo ufungue, utoke nje, upige brashi.

Kama friza huna, drai klini inaua mayai na mabuu pia, waambie kabisa ni nondo ili wasiweke nguo yako na za wengine. Joto kavu nalo ni zuri, nyuzi 55 kwa saa moja inaua kila hatua ya mdudu, kwa hiyo gari lililofungwa vioo limekaa juani mchana kutwa linaweza kufanya kazi, lakini weka kipimajoto katikati ya nguo sio kwenye dashibodi, kinachotakiwa kupata moto ni katikati ya furushi. Jua la kuanika tu kwenye kamba halitoshi peke yake, linasaidia kwa sababu mabuu yanachukia mwanga na mengine yanajiachia yanadondoka, ila mayai yanabaki. Anika, piga brashi kwa nguvu kwenye mishono, chini ya kola, ndani ya mifuko, geuza nje ndani, halafu ndo friza. Pasi ya mvuke inasaidia kwa nguo inayovumilia, mvuke ukipita taratibu kwenye mshono unaua yaliyomo.

Wakati nguo ziko kwenye friza hizo wiki mbili, kabati liko tupu, hapo ndo upige kazi. Mashine ya kuvuta vumbi ndo silaha, vakyumu ile yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye kila pembe, kila tundu la skrubu, reli za droo, toa droo kabisa ugeuze chini yake, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, pembezoni mwa zulia pale linapobanwa na fanicha pasipokanyagwa. Pale kati ya sakafu na ukuta nywele na vumbi vinajikusanya na buu anaishi vizuri tu bila kuona sweta hata moja. Ukimaliza mfuko wa vakyumu utoe siku hiyohiyo, ufunge, utupe nje. Kama huna vakyumu, fagio la brashi na kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kazi ni kubwa zaidi lakini inawezekana, na kwenye nyufa tumia mvuke au hata mashine ya kukaushia nywele ya moto. Rudia kila wiki kwa miezi miwili mitatu, hapo nakuomba usichoke.

Ukisafisha kila mahali na bado wanakuja, chanzo kiko nje ya kabati. Kiota cha ndege kwenye dari au kwenye tundu la hewa, manyoya na kinyesi cha ndege vina nondo wengi mno. Panya aliyefia darini. Zulia la zamani lililoviringishwa stoo. Sehemu ya kulala paka au mbwa. Piano ya zamani ina felti ndani. Hakuna dawa itakayokusaidia kama kiota kiko pale juu kinakuletea wapya kila msimu (subiri kama kuna makinda, wakishaondoka toa kiota na uzibe tundu).

Kuhusu vitu bapa vinavyotembea ukutani, hao ni ndugu zao, kwenye maeneo ya joto na unyevu wako nyumba nyingi. Ni buu aliyejijengea kifuko cha hariri, akabandika vumbi, mchanga na nyuzinyuzi, kifuko kiko wazi pande zote mbili na anaweza kutoa kichwa upande wowote. Chakula chao kikubwa ni utando wa buibui wa zamani, wadudu waliokufa, nywele, na sufu wakiipata. Hawa usiwapigie dawa. Waokote au wafyonze kwa vakyumu, ondoa utando wa buibui wote kwenye pembe na nyuma ya makabati, na upunguze unyevu, fungua madirisha, angalia kama kuna bomba linavuja ukutani. Ukuta mkavu hawaupendi.

Dawa za kemikali kwa nyumba yenye mtoto mchanga mimi ningeziacha mpaka mwisho kabisa. Ikibidi, iwe ya jamii ya permethrini, kwenye nyufa za kabati tupu na nyuma yake tu, kwa kufuata maandishi ya kwenye kopo, mtoto na nyinyi mko nje, mnarudi pakishakauka na hewa imebadilika. Usipulize kwenye nguo anazogusa wala kitanda chake. Kama kuna paka ujue permethrini ni sumu kali kwa paka, na kwa samaki wa kwenye tangi pia.

Utaambiwa na lavenda, karafuu, mbao za mwerezi. Sikatai harufu ni nzuri, na mafuta ya mwerezi mbichi yana nguvu kidogo kwa mabuu wachanga kwenye sanduku lililozibwa, ila mafuta hayo yanaisha na mabuu wakubwa hawayajali. Mayai hayaguswi. Usiweke imani yako hapo.

Mitego ya feromoni, ile ya gundi yenye harufu ya nondo jike, inafaa lakini sio kwa kumaliza, inavuta madume tu, na tena ya aina ile ya kawaida ya nondo wa nguo, hao wa ukutani hawaji. Faida yake ni kukupa habari. Weka mmoja kabatini, mmoja chumba kingine, andika tarehe, angalia kila wiki. Wakizidi upande mmoja, chanzo kiko karibu na huo upande. Ukikaa miezi kadhaa bila kunasa kitu, na nguo hazina tundu jipya, hapo ndo umeshinda, kabla ya hapo usitangaze.

Nguo za sufu usizozivaa mara kwa mara zihifadhi safi kabisa, kavu kabisa, kwenye mfuko au boksi linalozibika. Safi kwanza, kuziba baadaye, ukiziba nguo yenye mayai umewafungia na chakula chao. Zile unazovaa zitoe, zikung'ute, zipate mwanga angalau mara moja kwa mwezi, nondo anataka sehemu tulivu isiyoguswa, kabati linalopekuliwapekuliwa halimfai.

Na koti la mzee. Kola ikiliwa mara nyingi uso ndo umeisha lakini kitambaa cha ndani kiko imara. Lipige brashi nje, geuza mifuko, inua kola uangalie chini yake na ndani ya bitana kama imefunguka sehemu, halafu wiki mbili kwenye friza kama nilivyoeleza. Likitoka tafuta fundi anayejua kuziba tundu lisionekane, mzuri anachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la koti hilohilo ili rangi ifanane, na kama kola imeliwa sana anaweza kuigeuza upande wa chini uje juu. Ila kwa fundi lipeleke baada ya friza, sio kabla, manake koti lenye mayai likininginia siku tatu katikati ya suti za watu pale kwake utakuwa umewagawia na wao.